Shaba Aliyoniwekea Dada Mapajani

Dada yangu aliniwekea kifo mapajani, kisha akapiga goti akisubiri nimbariki.

Naandika haya nikiwa bado na hasira. Wenzangu kanisani wananiambia, mzee, yamepita, mshukuru Mungu. Namshukuru, asubuhi na jioni. Lakini sijaona mahali palipoandikwa kwamba anayeshukuru lazima awe amepoa.

Nieleze kwanza desturi yetu, maana bila hiyo mtu atadhani dada yangu ni mjinga, naye si mjinga. Sisi ni Wanyiha wa Mbozi, na ukoo wetu ulikuwa wa wafua chuma. Kabla ya kahawa, kabla ya kanisa, babu zetu walijenga malungu, yale matanuru marefu ya udongo, wakayeyusha mawe yakawa majembe. Mpaka leo ukilima kwenye vilima vyetu jembe hugonga mavi ya chuma, vipande vyeusi vizito vilivyobaki baada ya kazi yao. Na kwetu chuma kinachojitokeza ardhini si mali ya aliyekigonga. Anakiosha, anakipaka mafuta ya nyonyo, anakibeba kwa mikono miwili mpaka kwa mkubwa wa ukoo, anamwekea mapajani. Zamani mkubwa wa ukoo alisema nacho maneno ya kuwashukuru waliotangulia. Tulipopokea Injili wazee hawakuitupa desturi hiyo, waliigeuza uso tu. Sasa mkubwa wa ukoo anamshukuru Mungu aliyewapa babu zetu akili ya moto, na chuma kile kinapelekwa kanisani siku ya sikukuu ya mavuno, pamoja na mahindi ya kwanza na ndizi.

Mkubwa wa ukoo kwa sasa ni mimi.

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa uani kwenye kigoda, nachagua maharage ya mbegu. Pembeni yangu palikuwa na rundo la maganda ya maharage tuliyopura juzi yake. Dada yangu akaingia langoni akiwa amevaa kitenge kipya, kitu alichobeba amekifunika kwa kitambaa cheupe. Alirudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe, nikamgawia kipande cha shamba la baba upande wa pili wa kilima. Wiki ile alikuwa anachimba mashimo ya kupandia kahawa. Nikajua amegonga chuma. Nikafurahi, na hiyo ndiyo sehemu inayoniuma kuliko zote. Nilinyoosha kanzu yangu, nikatanua magoti, nikatabasamu kama bwana harusi.

Akafunua kitambaa, akaniwekea.

Haikuwa chuma. Ilikuwa shaba ya njano, imeng'arishwa mpaka niliona kivuli cha kofia yangu ndani yake. Kitu chenye umbo la pia, kile kidude watoto wanachokizungusha, chini kipana na juu kimechongoka, na uzito wake ulizidi kabisa ukubwa wake. Katikati kilizungukwa na pete mbili, na kwenye pete moja palichongwa mistari midogomidogo yenye namba, kama uso wa saa. Chini kabisa palikuwa na nyuzi za kufungia, kama za mdomo wa chupa.

"Kaka, hebu tazama babu zetu walivyokuwa mafundi," dada akasema kutoka chini alipopiga goti. "Mpaka namba waliandika."

Nilikuwa nakijua kitu kile. Miaka ya karibuni, wachimbaji wa mtaro wa barabara walifukua kombora la vita vya Mjerumani na Mwingereza, na jeshi likatuma mtu kutufundisha. Walituita viongozi wa vijiji, wa makanisa na wa misikiti kwenye ofisi ya kata, ili tukatangaze kwa watu wetu. Yule mwanajeshi alikuwa na picha, na alikuwa na kimoja cha kuonyesha kilichokwisha kuondolewa roho. Akakipitisha mikononi mwetu mmoja baada ya mwingine. Akasema, kombora lenyewe ni chuma, linaoza, mtu anaona kutu anaogopa. Hiki ni kichwa chake. Hiki ndicho kinachoiamuru baruti ilipuke. Ni cha shaba, hakiozi, ni kizuri, na ndiyo maana kinaua watu wasiokuwa vitani. Mkikiona ardhini, msikiguse. Msikisugue, msikigonge, msikitie motoni, msijaribu kukifungua, msikibebe kuniletea. Wekeni alama mkiwa mbali, rudini kwa njia mliyoijia, toeni taarifa. Mmoja wetu akauliza kama miaka yote hiyo haijakiua. Akacheka, akasema: "Hiki kikizeeka hakitulii. Kinakuwa mzee mkorofi, kinakasirikia kila kinachokigusa."

Nilitangaza kanisani Jumapili iliyofuata. Dada yangu alikuwa amekaa benchi la pili. Lakini nilisema "mabomu," na picha iliyobandikwa mlangoni ilikuwa na kitu cha kijani cha mviringo, na kila mmoja wetu akaondoka na bomu lake kichwani. La dada yangu halikuwa na pete wala namba, wala halikung'aa.

"Dada," nilisema taratibu, "inuka."

"Bado hujaomba, kaka."

"Inuka. Rudi nyuma. Toka langoni, nenda mpaka kwenye mti wa mbuni wa kwanza, usimame nyuma yake."

"Nimekosea nini?"

"Toka!"

Sijawahi kumpigia dada yangu kelele tangu tukiwa tunachunga mbuzi. Aliinuka akatoka, machozi yakimlenga. Nikabaki mimi na kile kitu. Mwanajeshi alisema pia kwamba ukijikuta tayari umekishika, usikirushe, usikimbie nacho. Kiweke chini polepole namna kilivyo, uondoke. Ni rahisi kusema kwa vijana. Goti langu la kulia halikunji vizuri. Nilikishika kwa mikono miwili, nikainama mpaka mgongo ukalia, nikakilaza juu ya yale maganda ya maharage kama mtu anavyolaza mtoto aliyesinzia kwa shida. Kisha nikasimama. Nikarudi kinyumenyume. Nilikuwa naomba, lakini sikuwa na maneno, nilikuwa nasema "Baba, Baba, Baba" tu.

Mke wangu alikuwa jikoni. Nilimtoa kwa mlango wa nyuma, tukazunguka nyumba mbali na uani mpaka langoni, unga bado mikononi mwake.

"Yote hiyo kwa ajili ya kikombe cha shaba?" aliuliza.

"Ni kichwa cha kombora."

Aligeuka akautazama uani. Halafu akasema, "Na wewe umekipakata?"

"Nimekipakata."

"Basi leo umepakata kitu cha umri wako," akasema. Mke wangu huwa anatania akiogopa. 

Hapo ndipo hasira ilipoanza kunipanda. Nilimfuata dada kwenye mbuni, nikamuuliza alikifanya nini kile kitu tangu alipokitoa ardhini. Akaniambia bila kuficha, maana hakujua kuna cha kuficha. Alikigonga kwa jembe. Alipoona ni shaba alikigonga tena kutoa udongo. Alikichemsha kwenye sufuria kulainisha ukungu wa kijani. Alikisugua kwa majivu na ndimu siku nzima.

"Kwenye vitundu palikuwa na uchafu umeganda," akasema. "Nikachokonoa kwa msumari."

Nikamuuliza kama kuna kingine.

"Nikikitikisa kinalia ndani," akaongeza, akitaka kunifurahisha. "Kama punje kwenye kibuyu."

Nilimfokea sana, na katikati ya kufoka nikajua kwamba simfokei yeye. Babu yetu mzaa baba alibebeshwa mizigo ya vita vile. Hakujua ni ya nini wala ya nani. Mjerumani na Mwingereza walikuja na bendera zao wakapigania vilima vyetu, wakala mahindi yetu yakiwa mabichi, wakawatembeza watu wetu na masanduku vichwani mpaka wengine wakafia njiani bila kaburi. Kisha wakapatana huko kwao, wakaondoka. Hakuna aliyerudi kuokota alichokiacha. Na sasa, zaidi ya miaka mia baadaye, mjane wa Kinyiha anasugua uchafu wao kwa ndimu, akidhani ni kazi ya mikono ya babu zake, anapiga goti amshukuru Mungu. Nani atanijibu kwa hilo? Walituibia migongo ya babu zetu, wakatuachia hata shukrani zetu zimetegwa.

Nilipiga simu polisi. Aliyepokea aliniuliza kama nina uhakika, nikamwambia nina uhakika kuliko nilivyo na uhakika wa jina lake. Akasema wanakuja, na jeshi litaarifiwa Mbeya, tusimruhusu mtu kusogea. Nilimpigia mwenyekiti wa kijiji, naye akawaondoa majirani wa karibu. Mpaka hapo mambo yalikwenda kama tulivyofundishwa. Boma letu limezungushiwa minyaa, ua mnene wa siku za baba, na utomvu wake ukiingia jichoni utalia siku mbili. Lango ni moja tu. Nikasema, basi, tukae mbali, tulilinde lango, tungoje.

Nilikuwa sijajua kwamba dada yangu, kwa furaha ya asubuhi, alikuwa ameshampigia simu mwanawe.

Mpwa wangu huyo ni mtu mzima, ana mke na watoto, anafanya biashara ya skrepa Tunduma. Ana kibanda chake mtaa wa Chapwa, ananunua vyuma chakavu na shaba, anauza kwa watu wa boda ya Zambia na wa ng'ambo yake. Ni mchapakazi. Ni mimi niliyemshika mikononi nikamwombea kabla mchungaji hajamgusa na maji, nampenda kama wa kwangu. Alifika kwa pikipiki mchana, vumbi mpaka kwenye kope, na nyuma ya siti amefunga mfuko.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Rudi ulikotoka."

Akacheka. "Mjomba, hata maji sijanywa? Mama kaniambia mmepata mzigo."

"Mama yako amepata kifo. Polisi wanakuja."

Uso wake ukabadilika kwa neno polisi. "Mmeita polisi? Mjomba! Wale watachukua tu na hamtaona kitu. Nipishe dakika chache. Ile ni shaba safi, wanaitafuta ng'ambo kama dawa." Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na spana kubwa ya bomba, nyundo na patasi.

"Unataka kufanya nini na hizo?"

"Naifungua. Chini pale pana nyuzi, unaibana, unazungusha, unatoa takataka za ndani, inabaki shaba. Nimeshafungua mbili, mjomba. Mbona niko hapa?"

Nilimtazama. Nilitazama vidole vyake vilivyoshika spana, kimoja baada ya kingine. Mbili. Ameshafungua mbili, kwenye kibanda chenye watu pembeni wanaokaanga chipsi na watoto wanaotoka shule. 

"Hilo bomu lina miaka zaidi ya mia," akaendelea kwa sauti ya kunibembeleza, kama mtu anayempunguzia bei mteja. "Limekufa. Hata mahindi ya mwaka juzi ukiyapanda hayaoti."

"Mahindi yanazeeka kwa sababu yalikuwa hai," nilisema. "Ile haijawahi kuwa hai. Inangoja tu."

"Mzee, acha hizo. Umesoma semina ya siku moja."

"Na wewe umesoma wapi?"

Dada yangu akaingilia. Alikuwa amechoka kulia, alitaka yaishe. "Kaka, mwache mtoto akichukue, aondoke nacho, boma lako lipone."

"Aondoke nacho aende nacho wapi? Kwa watoto wake?"

Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kunipita. Sina nguvu ya kumzuia mtu wa umri wake. Nilifanya kitu pekee kilichobaki. Nikakaa chini langoni, mgongo kwenye mnyaa wa upande mmoja, juu ya udongo, na kanzu yangu ya maombi, nikanyoosha miguu yote miwili mpaka nyayo zikagusa mnyaa wa upande wa pili.

Asiye wa kwetu hawezi kuelewa. Kwetu mtu haruki miguu ya mjomba wake. Akiruka, amemzika akiwa hai, na amekata kamba iliyomfunga kwa upande wa mama yake. Hata walevi wanaotoka kilabuni huzunguka. Hilo halikuandikwa popote, na sijawahi kulihubiri, lakini nililijua tangu naanza kutembea, na yeye alilijua.

Akasimama mbele ya miguu yangu. Akatafuta pa kupita, hapakuwa na pa kupita.

"Mjomba, ondoa miguu."

"Ruka."

"Mjomba."

"Nimesema ruka. Mimi nimeshaishi. Ruka uende ukafungue bomu lako."

Sasa na yeye akakasirika. "Wewe ni mzee wa kanisa! Kila Jumapili mnatuhubiria tuache mila, leo unanitegea miguu kama mganga wa kienyeji? Hiyo ndiyo imani?"

Ilinichoma, maana ilikuwa na ukweli ndani yake. Nikamjibu hivi, na sijutii: "Mungu akitaka kukuzuia kwa maandiko nitakusomea. Leo amenipa miguu."

Mke wangu akacheka pembeni yangu, cheko moja fupi, akaziba mdomo.

Nikamgeukia dada yangu. "Mwambie mwanao ulichokisikia ulipokitikisa."

"Kililia," akasema kwa sauti ya chini. "Kama punje kwenye kibuyu."

Na hapo mpwa wangu akasahau alichokuwa anasema. Macho yakamng'aa. "Kinalia? Basi hicho ndicho chenyewe! Zile mbili zangu zilikuwa kimya, zimeshalipuka zamani, ganda tupu. Hii bado ina kila kitu ndani, haijaguswa..."

Akanyamaza katikati ya sentensi. Sote tulikuwa tumemsikia.

"Umesema limekufa," dada yangu akasema.

"Mama, nilikuwa namaanisha..."

"Umemwambia mjomba wako limekufa."

Alimpa mwanawe mgongo. Kisha akakusanya kitenge chake kipya, akaketi chini vumbini ubavuni pangu, akanyoosha miguu yake juu ya yangu. Miguu ya mama. Nyayo zake zilikuwa na udongo mwekundu wa mashimo ya kahawa.  Mimi nilisali kwa hasira, yeye alisali kwa kimya, na sijui Mungu alisikia ya nani kwanza.

Mpwa wangu alisimama pale jua likimpiga. Alirudi hatua mbili, akaja tena. Aliitupa spana chini kwa nguvu hata nikafumba macho nikingoja mlio mwingine.

"Haya," akasema. "Kaeni na bomu lenu. Kuanzia leo msiniite. Nikifa mtasikia, mkifa msiniambie." Akaokota spana yake, akafunga mfuko, akaondoka. Pikipiki ilisikika mpaka chini barabarani.

Dada yangu hakuinua miguu. Alikaa hivyo mpaka polisi walipofika alasiri.

Na hata hapo hasira haikuniacha, maana askari mmoja kijana alitoa simu akataka kusogea apige picha ya karibu, awaonyeshe wenzake. Nilimwambia, mwanangu, kama unataka picha ya karibu, ngoja nimwite mama yako kwanza aje akutazame vizuri. Mkubwa wake akamvuta kwa kola. Wakafunga utepe mbali na minyaa, wakakaa zamu. Sisi tulilala nyumba ya ibada, mimi nikiwa nimejinyoosha kwenye benchi, goti likinitwanga.

Wanajeshi walifika asubuhi. Kiongozi wao alikuwa sajini wa makamo, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Hakuingia uani haraka. Alisimama langoni, akatazama kwa darubini, akaniuliza nani alikigusa na kwa namna gani. Dada akamweleza yote: jembe, sufuria, ndimu, msumari. Sajini alisikiliza bila kukunja uso. Mwisho akasema, "Mama, mimi nina vyeti, nguo maalumu na wenzangu wanne, na nisingethubutu hata nusu ya ulichofanya. Usirudie."

Alituonyesha kwa mbali alichokiona. Zile pete zilikuwa za kupanga muda, askari wa mizinga alizizungusha kabla ya kupiga, kombora lilipuke angani juu ya vichwa vya watu. Hiki kilifyatuliwa kikakataa, kikatengana na kombora lake, kikaingia ardhini. Kwa hiyo kilikuwa kimefika nusu ya safari yake, akasema, na kwa kukitazama nje hakuna anayejua nusu iliyobaki ni ndefu kiasi gani. Kukilaza chini na kuondoka lilikuwa jambo sahihi pekee tulilofanya.

Walikichukua kwa namna yao, ambayo hatukuruhusiwa kuitazama. Walichimba shimo bondeni mbali na nyumba, wakatusogeza nyuma ya kilima. Kijiji kizima kilikuwa pale kama kwenye mpira. Mlio ulipokuja ulikuwa mdogo, mkavu, kama mlango uliobamizwa na upepo.

"Ndiyo hiyo tu?" jirani mmoja akasema, na watu wakacheka.

Sajini hakucheka. "Ndiyo hiyo tu," akajibu. "Inatosha mikono miwili na macho."

 Dada yangu alivitazama viganja vyake, vilikuwa bado vimechubuka kwa majivu na ndimu.

Shamba lake limewekewa vigingi vyekundu. Walikuta vipande vingine, na wamesema watarudi kulipima lote; mpaka hapo hakuna jembe kuingia. Miche yake ya kahawa imekaa kwenye viriba vya nailoni nyuma ya nyumba yangu, mizizi inatoboa chini, naimwagilia mimi. Nimempa upande wangu wa migomba alime maharage. Ananishukuru kila jioni, na kila jioni nakasirika upya, kwa sababu mwanamke hapaswi kushukuru kwa kunyimwa shamba la baba yake na vita ambavyo hakuna aliye hai aliyevipigana.

Siku ya sikukuu ya mavuno mchungaji aliniomba niseme neno. Alitegemea shukrani. Nilisimama, sikuanza na wimbo. Niliwaeleza watu umbo la kile kitu mpaka nikaona wamekielewa: cha njano, chini kipana, juu kimechongoka, kina pete, kina namba, kizito. Nikawaambia wasahau bomu la kijani la mlangoni. Nikawaambia pia jambo ambalo wazee wenzangu hawakulipenda: kwamba kuanzia siku ile mapaja ya mkubwa wa ukoo yamefungwa. Anayegonga kitu chochote cha chuma au cha shaba shambani, kiwe cha babu zetu au cha Mjerumani, akiache pale pale, asimike kijiti chenye kitambaa mbali nacho, aje kwangu mikono mitupu. Nitaibariki mikono. Mzee mmoja alinong'ona kwamba nimeua desturi. Nilimjibu pale pale mbele ya watu kwamba desturi ni ya walio hai. Sauti ilinitoka kali kuliko inavyofaa madhabahuni. Mchungaji alitazama chini.

Mpwa wangu hakuja kwenye sikukuu. Hajaja tangu siku ile. Mkewe huleta watoto kumsalimia bibi yao, mume hubaki barabarani kwenye pikipiki. Nasikia ameacha kununua shaba ya kuchimbuliwa, nasikia pia kwamba hajaacha, inategemea nani anasema. Sina namna ya kujua.

Mwezi uliopita nilikwenda Tunduma kununua dawa ya goti. Nilimkuta karibu na stendi, anapakia vyuma kwenye lori na vijana wake. Aliniona. Akageuza uso, akaendelea kubeba, hata shikamoo hakunipa, mimi niliyemshika kabla ya maji ya ubatizo. Watu waliokuwa wanatujua walinitazama waone nitafanya nini.

Nilisimama pale kwenye jua nikiwa na hasira mpaka meno yaliniuma, nikahesabu vidole vyake kwa macho kila alipoinua chuma. Vilikuwepo vyote. Nikanunua dawa, nikapanda gari la kurudi.